Mti Nisiouandika

Tulikubaliana kuachana mwezi wa sita, ila msitu ulikuwa bado haujaisha.

Sisemi hivyo kwa utani. Mimi na Daniel Sumari tulikaa kwenye mgahawa mmoja karibu na Mnara wa Saa, tukaagiza chai, tukaachana kama watu wazima. Mama yake hakutaka mkwe Mwislamu. Mama yangu hakutaka mkwe Mkristo. Tulishawagusia habari ya ndoa ya bomani, na akina mama hao wawili, ambao hawajawahi kuonana hata siku moja, walitoa jibu lilelile ndani ya wiki ileile. Daniel akalipia chai. Kisha akaniuliza kesho nitafika shambani saa ngapi, maana njia ya upande wa mto ilikuwa haijapimwa.

Nikamwambia saa mbili. Ndiyo shida ya kuachana na mtu ambaye ndiye fundi wako.

Jina langu ni Kauthar. Kazi yangu ni tiba ya mazoezi ya viungo, na wagonjwa wangu wengi ni watoto. Kwa miaka miwili nilikuwa natafuta ardhi ya kufungua kituo cha tiba kwa kutumia farasi, na kila niliyemweleza alidhani farasi ndiye mgonjwa. Si hivyo. Mtoto ambaye misuli yake imekaza, ukimkalisha juu ya farasi anayetembea polepole, kiuno chake kinasukumwa huku na huku kama kiuno cha mtu anayetembea. Mwili unajifunza kwanza, miguu inafuata baadaye, ikijaliwa.

Ardhi niliipata juu ya Tengeru, ekari nne za msitu zilizopakana na migomba na kahawa. Mwenyewe alikuwa Mama Hanna Sumari, mjane, mzee wa usharika kanisani kwao, mama yake Daniel. Alinipa kwa ajili ya Princess, mjukuu wake wa miaka sita, mtoto wa bintiye Catherine. Princess alizaliwa na mtindio wa ubongo, na ni mikononi mwangu alimojifunza kukaa bila kushikiliwa. Mikono yangu Mama Hanna aliitaka sana. Mwenye mikono ndiye hakumtaka. Aliniita Daktari, ingawa mimi si daktari na nilishamweleza hivyo mara nyingi, na katika miaka yote niliyomhudumia mtoto hakuwahi kunitaja kwa jina.

Kazi ya kufyeka alipewa Daniel, kanuni nilizitoa mimi. Njia iwe na upana wa mita tatu, farasi apite katikati na watu wawili wamshike mtoto, mmoja huku na mwingine huku. Matawi yasishuke chini ya mita tatu. Visiki ving'olewe vyote, mashimo ya fuko yafukiwe. Na mimea yenye sumu kwa farasi iondolewe mpaka mizizi: mbarika, mnanaha, lantana, na mingineyo. Orodha yake niliichapa, nikaibandika kwenye mlango wa banda.

Ilikuwa kazi ya wiki sita. Ilichukua miezi mitano. Kibali cha kukata miti kilichelewa, mvua ilinyesha, winchi ya kukodi iliharibika. Hizo ndizo sababu nilizowaambia watu. Sikuwaambia kwamba orodha niliiongezea mimea mara tatu baada ya ule mwezi wa sita, na kwamba mara ya mwisho niliongeza mti wa maua ambao ulikuwa mmoja tu, ng'ambo ya uzio, kwa jirani. Daniel alikwenda akamwomba jirani, akaukata, akarudi akaniuliza kama kuna mwingine.

Lakini kila kitu kina mwisho wake. Farasi wanne, wazee na wapole, walikuwa waletwe kutoka Usa River Jumatatu. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kupima mara ya mwisho.

Asubuhi nyumbani Kijenge mama yangu, Bi Arafa, alinikuta mlangoni nikivaa mabuti.

"Leo ndiyo mwisho?" aliuliza.

"Leo ndiyo mwisho, mama."

"Alhamdulillahi." Akaingia jikoni, akatoka na bakuli lenye mfuniko, kama afanyavyo kila wiki. "Hizi sambusa za mafundi."

"Fundi ni mmoja."

"Najua ni mmoja. Kile kidole alichojikata kimepona?"

"Mama, wewe si ulisema humtaki?"

"Kumtaka ni jambo lingine. Mtu kufanya kazi na njaa ni jambo lingine." Akanitengeneza mtandio, kama vile nakwenda harusini wakati nakwenda kupima matawi. "Mwanangu, mimi huyo kijana sina neno naye. Ila nitawaambia nini watu? Shangazi zako nitawaambia nini?"

Nikachukua bakuli, nikaondoka.

Daniel alikuwa ananisubiri kwenye uwanja wa kuendeshea farasi, ameshaumwagia mchanga na kuusawazisha kwa reki. Alikuwa amevaa ile fulana ya kijani iliyochanika begani. Naifahamu fulana hiyo, na nafahamu na bega lenyewe. Nilitazama mchanga.

"Umekuja mapema," alisema.

"Foleni haikuwepo."

"Mama mzima?"

"Mzima. Anauliza kidole."

Akakiinua kidole nikione. Kilikuwa kimepona siku nyingi.

Princess alikuwa amekalishwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kofia ngumu ya kupandia farasi kichwani. Kofia hiyo ilikuwa imefika wiki iliyopita na tangu hapo alikuwa anakula nayo. Daniel alikuwa na wazo. Kupima matawi kwa ufito wa mita tatu tulishapima mpaka basi, alisema, lakini ufito hauna mikono. Mtoto anayo, na mtoto hushika kila anachokiona. Kwa hiyo yeye angembeba Princess mabegani apite njia nzima, nami nitembee kando nikimshikilia, kama vile itakavyokuwa kwa farasi.

"Kwa hiyo wewe ndiye farasi," nilisema.

"Farasi mzee na mpole."

Princess alicheka. Daniel akachuchumaa, nikampandisha, nikamweka sawa kiuno. Nikapitisha mkono wangu nyuma yake nikamshika nyonga, kama ninavyofanya kazini kila siku. Tofauti ni kwamba kazini chini ya mtoto huwa kuna godoro. Hapa mkono wangu uliangukia begani kwa Daniel, palepale penye mchaniko, na haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tukatembea. Njia ilikuwa nzuri, ilipita kwenye migrivelia iliyoachwa kwa ajili ya kivuli, ikazunguka mringaringa mkubwa, ikateremka mpaka karibu na mto na kupanda tena. Hapakuwa na kisiki hata kimoja. Alikuwa ameifanya kazi kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuimaliza.

"Juu hapo?" aliuliza.

"Limeinama tangu tulipopima. Linagusa kofia."

"Linagusa kidogo."

"Likate."

Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaweka alama kwenye shina bila kumtikisa mtoto. Tukaendelea.

"Nimepata kazi Babati," alisema baada ya muda. "Kuna mtu anataka kufyeka shamba. Miezi mitatu."

"Ni vizuri."

"Naanza Jumanne."

"Ni vizuri," nilisema tena, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

"Kauthar."

"Tazama mbele. Farasi haongei."

Alipumua, na bega likapanda na kushuka chini ya kiganja changu. Nilihesabu hatua. Huwa nahesabu hatua za wagonjwa, ni mazoea. Nilifika mia mbili na arobaini nikagundua kuwa nilikuwa nahesabu zilizobaki mpaka getini, na kwamba nilikuwa natembea polepole kuliko mtoto mwenye magongo. Nilimpenda mtu huyu. Miezi minne ya kuachana haikuwa imepunguza hata kiasi cha kijiko.

Kwenye kona ya mwisho, kabla ya geti la uwanja, palikuwa na mparachichi. Ulikuwa mti mkubwa, shina lake mtu mmoja hakumbatii akalimaliza, na matawi ya upande mmoja yalipita juu ya uzio mpaka ndani ya uwanja. Tulipofika chini yake nilisema twende haraka, jua kali. Palikuwa kivuli kitupu.

"Anti," alisema Princess. Yeye humaliza sentensi kwa muda wake, na usipomkatisha huambulia ukweli. "Anti… nimeshika."

Alikuwa ameshika tawi lililoinamishwa na matunda. Ngumi yake, ile ya kushoto ambayo nilihangaika nayo mwaka mzima ili ifunguke, ilikuwa imejaa majani ya mparachichi, na kwa furaha ya kushika alikuwa anayapeleka mdomoni.

Nikayatoa jani moja moja. Hayamdhuru mtoto namna hiyo. Farasi ndiye anayedhurika. Jani, gome, kokwa, vyote ni sumu kwake. Anavimba, moyo unachoka, anaanguka. Na farasi naye hushika kila anachokiona, kwa mdomo. Kati ya mimea yote ya ekari zile nne, hakuna iliyokuwa karibu na farasi kuliko huo mti. Haukuwemo kwenye orodha yangu.

"Daniel," nilisema. "Huu mti."

"Najua," alijibu.

"Unajua nini?"

"Na mimi najua," sauti ya tatu ilisema. "Tangu jana."

Mama Hanna alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, kitenge kiunoni, miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa uzi. Hakuonekana kuwa na haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Daniel, mshushe mtoto, asije akaanguka."

Daniel akamshusha, akamkalisha kwenye kiti. Mama Hanna akafungua geti, akaingia, akalifunga nyuma yake kwa komeo. Akanitazama mikononi, nilipokuwa nimeyashika yale majani.

"Jana amekuja Derick, yule daktari wa mifugo," alisema. "Amekagua mabanda, amekagua maji, amesifia uzio. Alipofika hapa akaniuliza, Mama Catherine, huu mparachichi unakatwa lini? Nikamwambia haukatwi, haumo kwenye orodha ya Daktari. Akacheka, akasema labda karatasi imechanika. Nikaenda mlangoni mwa banda, nikavaa miwani. Karatasi ni nzima."

Akayaondoa macho mikononi mwangu, akanitazama usoni.

"Kausari," alisema.

Ndivyo wanavyolitamka jina langu wazee wengi wa huku mlimani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitaja kwa jina, na alinitaja kunigombeza.

"Abee, Mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa namba moja. Nikaufuta kabla sijachapa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa na majibu ya kitaalamu. Kwamba ningeshauri matawi ya upande huu yapunguzwe. Kwamba ningeongeza uzio wa pili. Niliyaandaa tangu mwezi wa tano, na yote yalikuwa ya uongo.

"Kwa sababu marehemu ndiye aliyeupanda," nilisema. "Daniel alinihadithia. Nikaona nikiuandika, nitakuwa yule mwanamke wa Kijenge aliyekuja kukata mti wa mume wako. Nilitaka unipende, Mama."

Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwenye shahada, nimeshika majani. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni.

"Nikupende," alirudia Mama Hanna polepole, kama anaonja. "Kwa hiyo farasi afe, ili mimi nikupende. Na akianguka, juu yake amekaa nani?"

Hakumtaja kwa jina. Princess alikuwa anachezea mkanda wa kofia.

"Nimekosa, Mama."

"Umekosa sana." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe?"

"Nilijua mwezi wa tano," Daniel alisema. "Niliangalia kwenye simu."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa namngoja yeye auandike. Angeuandika ningekuja kukwambia."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. "Miezi mitano unaniona napita hapa kila siku! Ungeniuliza tu!"

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifurahi nini?"

"Kwamba hukuuandika." Alikuwa anatazama chini, anafuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. "Mti wa jirani uliuandika. Mti ulioko ng'ambo ya uzio, farasi hata haufikii. Na huu unaning'inia juu ya vichwa vyetu hukuuandika. Nikasema, huyu bado anajali mama atasemaje. Mtu aliyekwisha kuondoka hajali. Basi kila siku nilikuwa naenda mlangoni kwa banda kuisoma ile orodha, nione kama umeongeza. Nikikuta hujaongeza, siku yangu inakwenda vizuri."

Nilimtazama. Naye akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita bila kukwepesha, na sikumbuki ni muda gani tulisimama hivyo.

"Nyamazeni wote wawili," alisema Mama Hanna, ingawa tulikuwa tumenyamaza. "Kila mtu anajua isipokuwa mwenye mti. Mnanichukulia mimi ni mtoto?"

Akausogelea mparachichi, akaweka kiganja kwenye shina, mahali palipokuwa na uvimbe usawa wa goti.

"Hapa ndipo alipoubebeshea," alisema. "Mti wenyewe ulikuwa wa kienyeji. Akatoa kikonyo kwa rafiki yake pale Tengeru, akaja akakifunga na kamba ya mgomba. Nikamwambia, baba Catherine, haitashika hiyo. Akasema itashika. Ndiyo maana upande ule unazaa makubwa ya kijani, upande huu yale madogo meusi. Watu walikuja kuushangaa." Akaondoa kiganja. "Alinihangaisha sana yule mzee kwa miti yake. Daniel, leta ngazi. Na magunia."

"Mama, tunaweza kupunguza matawi ya…"

"Upepo ukivuma majani hayaendi kule? Leta ngazi."

Tulichuma kwanza. Daniel alikuwa juu na mfuko wake wenye mti mrefu, Mama Hanna na mimi tulikuwa chini tukipokea na kupanga, ya kijani huku, meusi huku. Kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru, na magunia matatu yalikuwa yake ya sokoni. La nne, lile dogo, alilijaza mwenyewe, akichagua moja moja na kulibonyeza kwa kidole gumba. Akalifunga, akalisukuma mbele yangu kwa mguu.

"Hilo la mama yako."

Nikafikiri sikumwelewa. "Mama yangu? Lakini hamjuani, Mama."

"Zile sambusa za kila wiki unadhani anakula Daniel peke yake? Mbili ni zangu. Mwambie ni tamu, ila pilipili apunguze." Akajifuta jasho. "Na asiyaweke kwenye friji kabla hayajaiva. Watu wa mjini wana tabia hiyo."

"Nitamwambia."

"Usije ukamwambia zaidi ya hayo. Mimi nimempa maparachichi tu."

Saa tisa Daniel akawasha msumeno wa moto. Mimi na Princess tulikaa mbali, upande wa banda. Mama Hanna alikataa kukaa. Alisimama wima karibu kuliko inavyoshauriwa, mikono nyuma, mpaka mti ulipolalia upande ule Daniel alioukusudia, bila kugusa uzio. Hakulia. Alisema tu kwamba kumbe kutoka pale mlima unaonekana, na ni kweli, Meru yote ilikuwa imetokeza, na wingu jembamba kwenye kilele.

Matawi yakavutwa nje. Majani tukayakusanya kwa reki, kisha kwa ufagio, kisha kwa mikono, mpaka mchanga ukawa hauna jani hata moja. Nilipiga magoti pembeni ya uwanja nikitafuta vipande vya gome kati ya nyasi. Daniel alipiga magoti upande wa pili akitafuta vivyo hivyo, na tukawa tunakaribiana taratibu, mpaka mikono yetu ikafikia gome lilelile. Nikaliacha alichukue. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwenye migomba.

"Basi," alisema kwa sauti ya chini. "Imeisha."

"Imeisha."

"Babati nilisema miezi mitatu."

"Ulisema."

"Huna mwingine wa kuongeza?"

Nilitaka kumtania. Badala yake nikaona hakuna haja ya kuficha, sababu za kuficha zilikuwa zimezolewa pamoja na yale majani.

"Sina," nilisema. "Nimetafuta, Daniel. Sina."

Akanyanyuka. Akanipa mkono kuninyanyua, na hakuuachia, nami sikuutoa. Tulisimama tumeshikana mikono katikati ya kazi iliyokwisha, tukisubiri mmoja wetu awe mtu mzima.

"Hicho je?" aliuliza Mama Hanna.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, Princess pembeni yake, bakuli la mama yangu mapajani. Alikuwa anaonyesha kwa sambusa. Tukageuka. Kisiki cha mparachichi kilikuwa palepale, cheupe, kipana kama sinia la pilau.

"Kile nitakizungushia mbao leo, farasi hawatakifikia," Daniel alisema. "Kesho namwita Lengai na winchi yake. Nusu saa kimetoka."

"Hapana."

"Mama?"

"Winchi itapasua mizizi ya migrivelia."

"Migrivelia iko mbali, mama. Iko…"

"Nimesema winchi hapana." Akamkata jicho, lile ambalo nadhani hata marehemu alikatwa. "Kitachimbwa kwa sururu na jembe, polepole. Ukizungushie mbao, halafu mkichimbe, ninyi wawili, kila Jumamosi. Babati wakatafute mtu mwingine."

"Peke yetu itachukua hata mwaka," alisema Daniel.

"Baba yako na kaka yake walifyeka shamba lote la kahawa kwa wiki tatu, na hawakuwa na mashine. Ninyi ekari nne mna miezi mitano. Nilidhani nimezaa mvivu. Kisha nikaona huyu anaandika mti wa jirani." Akang'ata sambusa, akatafuna, akameza. Hakuwa na haraka hata hapo. "Mwaka unatosha. Katika mwaka mtu anaweza kukaa na wazee wa usharika akaongea nao. Anaweza kwenda Kijenge kurudisha bakuli."

Daniel alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vinauma.

"Mama," nilisema. "Ahsante, Mama. Sijui niseme…"

"Usiniambie ahsante. Mimi sijasema ndiyo." Akafunika bakuli, akaniangalia juu ya miwani. "Nimesema kisiki. Jembe liko bandani, Kausari, nyuma ya mlango. Hapo penye karatasi yako."

Nilikwenda. Karatasi ilikuwa bado mlangoni, imeanza kukunjamana pembeni. Nikatoa kalamu kwenye mfuko wa suruali, nikaandika namba moja juu kabisa, mahali nilipopaacha wazi tangu mwezi wa tano, nikaandika na jina la mti. Kisha nikachukua jembe na sururu, nikarudi navyo vyote viwili.